Mtoe mbwa wako mazoezini, lakini mshike kamba

Katika mitaa mingi ya Nairobi, Nakuru na Eldoret, mapambazuko huwakuta watu wakikimbia kando ya barabara kutafuta afya. Wengi huanza kwa ari kubwa mwezi wa Januari, na kufikia Machi ni wachache tu wanaosalia. Ukiwauliza walioacha, aghalabu watakupa mojawapo ya sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hawana mtu wa kukimbia naye. Ya pili ni mbwa wa majirani.

Maoni yetu ni kwamba sababu hizo mbili zina jawabu moja. Mbwa yule yule anayewafukuza wapita njia, akilelewa ipasavyo, anaweza kuwa mwenzi wa mazoezi asiye na mfano. Shida haiko kwa mbwa. Iko kwa mwenye mbwa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki, au dakika 75 za mazoezi makali kama vile kukimbia. Kwa mkazi wa mjini anayeketi ofisini kutwa na kurudi nyumbani kwa matatu, dakika hizo si rahisi kupatikana. Ndiyo maana shinikizo la damu na ugonjwa wa kisukari si mambo ya kusikia kwa wengine tu. Yameingia katika kila ukoo.

Hapo ndipo mbwa anapofaa. Mwenzako wa kibinadamu atachelewa, atasafiri, atasema jana alilala usiku wa manane. Mbwa hana visingizio. Akishazoea kwamba saa kumi na mbili asubuhi ni saa ya kutoka, atakungoja mlangoni kila siku, na itakubidi uwe na moyo mgumu sana kurudi kitandani. Isitoshe, anayekimbia na mbwa huwa na utulivu fulani wa moyo, hasa akina mama wanaotoka alfajiri kabla ya njia kujaa watu.

Kuna wanaosema kwamba kukimbia na mbwa ni mambo ya wazungu wa Karen na Muthaiga. Dhana hiyo haina msingi. Wawindaji na wachungaji wa jamii zetu walitembea na mbwa wao kutwa nzima muda mrefu kabla ya Nairobi kuwa mji. Lililo geni ni hili la kumfungia mnyama katika banda la mabati tangu asubuhi hadi jioni, halafu kumfungulia usiku na kutarajia awe mlinzi mwenye akili timamu. Mbwa aliyenyimwa mwendo na watu huwa mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma ovyo. Atabweka usiku kucha, atachimba chini ya ua, na siku lango litakapoachwa wazi atamrukia mtoto anayekwenda shuleni.

Hatari yenyewe si jeraha tu. Kichaa cha mbwa kiliripotiwa humu nchini kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, karibu na Nairobi, na hadi leo kingali nasi. Inakadiriwa kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote huupata kutokana na mbwa. Watoto ndio wanaoumia zaidi. Dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, ni nadra sana mtu kupona. Lakini ni ugonjwa unaozuilika kabisa. Asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, maambukizi hukatika. Mwaka wa 2014 Kenya ilizindua mpango wa kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kufikia mwaka wa 2030. Mpango huo hautafaulu ikiwa wenye mbwa mijini, ambao wana daktari wa mifugo karibu, wataona chanjo ya kila mwaka kuwa gharama isiyo na maana.

Kwa hivyo kila mkimbiaji, awe na mbwa au asiwe naye, ajue haya. Ukifuatwa na mbwa, usizidi kukimbia, kwa maana kukimbia ndiko kunakomchochea. Simama, mikono iwe ubavuni, usimkazie macho, kisha urudi nyuma polepole. Akikuuma au kukuparua, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha uende hospitalini siku hiyo hiyo ukapate ushauri kuhusu sindano. Usingoje kuona kama mbwa atakufa. Usipake mafuta, majivu wala dawa za kubahatisha.

Tukimrudia mwenye mbwa, kuna mambo ya kuzingatia kabla ya kumtoa mnyama barabarani. Kwanza ni umri. Mbwa mchanga mifupa yake haijakomaa, na mbio ndefu zaweza kumharibu viungo. Inafaa kungoja hadi atimize mwaka mmoja, na aina kubwa kama vile Rottweiler na German Shepherd hadi mwaka mmoja na nusu. Pili ni umbo. Mbwa wenye pua fupi zilizobonyea, kama Bulldog na Pug, hawapumui vizuri na hawafai kabisa kwa mbio. Kwa upande mwingine, mbwa wetu wa kienyeji, anayedharauliwa na wengi, ni mwepesi, ana miguu mirefu na pumzi ya kutosha. Huhitaji kununua mbwa wa bei ghali ili ukimbie.

Tatu, na ambalo wengi hawalijui, ni joto. Binadamu hutoa jasho mwili mzima na hivyo hupoa. Mbwa hutegemea kuhema, na hiyo haitoshi jua likiwa kali. Zaidi ya hayo, atakufuata hata akiwa amezidiwa, kwa sababu anakupenda. Ukimwona anahema kwa nguvu isiyo ya kawaida, ulimi umekuwa mwekundu sana, anatokwa na mate mazito au anapepesuka, simama mara moja. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya baridi, kisha umwone daktari wa mifugo. Kimbia asubuhi mapema au jioni. Wakazi wa Mombasa, ambako joto huambatana na unyevu hewani, wasingoje jua lichomoze. Kabla ya kukanyaga lami mchana, weka kiganja chako juu yake kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo za mbwa pia zitaungua.

Mpe maji kabla na baada ya mbio. Usimkimbize akiwa ametoka kula, maana mbwa wakubwa huweza kujaa gesi na kusokotwa na tumbo hadi kufa. Yapite masaa mawili hivi baada ya mlo. Mkirudi nyumbani, mpapase masikioni na katikati ya vidole kutafuta kupe, ambao huwaletea mbwa magonjwa hatari ya damu.

Anza taratibu, wewe pamoja naye. Wiki za kwanza tembeeni dakika nne, mkimbie dakika moja, na mrudie hivyo kwa muda wa nusu saa, siku tatu kwa wiki. Kila wiki ongeza kidogo muda wa kukimbia. Baada ya miezi miwili hivi mtaweza kukimbia mfululizo, na huenda ukashangaa kwamba mbwa aliyekuwa akibweka usiku kucha sasa analala.

Lakini asitoke bila kamba. Wenye mbwa hupenda kusema, "Usiogope, haumi." Kauli hiyo haimsaidii aliyewahi kuumwa utotoni. Wala haimsaidii jirani Mwislamu anayeelekea msikitini, ambaye mate ya mbwa yakimgusa itambidi ajitwaharishe kabla ya kuswali. Barabara ni ya watu wote. Katika Msitu wa Karura, ambao marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake waliutetea mwaka wa 1999 dhidi ya wanyakuzi, mbwa wanaruhusiwa mradi wawe wamefungwa kamba. Ikiwa kanuni hiyo yafaa msituni, yafaa zaidi mtaani. Beba pia mfuko wa kuzolea mavi yake. Hakuna sababu ya mwingine kukanyaga uchafu wa mnyama wako.

Serikali za kaunti nazo zisikwepe wajibu wao. Katiba ya mwaka wa 2010 imezipa jukumu la kudhibiti wanyama, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Leseni isiwe karatasi ya kukusanyia ada tu. Isitolewe bila cheti cha chanjo. Kamati za mitaa, ambazo hukutana kila mara kujadili taka na walinzi, zaweza kumwalika daktari wa mifugo siku moja kwa mwaka ili mbwa wote wa mtaa wachanjwe kwa pamoja. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ingefaa sana.

Anayefuga mbwa asidhani kwamba amemaliza kazi kwa kumpa makombo na kumfungia lango. Amejitwika deni kwa mnyama huyo na kwa majirani zake. Nusu saa ya mbio asubuhi, kamba mkononi na cheti cha chanjo nyumbani, italipa madeni hayo yote mawili, na faida ya kwanza itakuwa moyo wake mwenyewe.