Fyuzi ya Kioo na Neno Moja la Muhtasari

Juma hili tunaomba idhini ya kuwaingiza katika ofisi ya msikiti wetu, chumba kidogo kilicho nyuma ya mahali pa kutawadhia, chenye meza moja, kabati la vitabu na kompyuta kuukuu. Ndani ya kompyuta hiyo mmo orodha ya watoto wa madrasa, michango ya mazishi na hesabu za kila mwezi.

Jumatano moja ya likizo, baina ya Adhuhuri na Alasiri, umeme ulikatika ukarudi, ukakatika tena ukarudi. Kompyuta ilipowashwa ilivuma kama kawaida yake, na kile kitaa cha kijani kilicho ukingoni mwa kioo kikawaka, lakini kioo chenyewe kikabaki cheusi. Aliyekuwa mezani ni binti wa kidato cha nne ambaye hutusaidia kuchapa majina. Alikuja mlangoni akasema, "Ustadh, kioo kimegoma kuonyesha, na wallahi sikugusa kitu."

Usiku ule kamati ilikutana baada ya Isha kwa shughuli nyingine, na habari ya kioo ikaingizwa katika mengineyo. Mjumbe mmoja akasema kwamba vijana hawawezi kukaa mbele ya kompyuta bila ya kuichezea. Hakuna aliyempinga. Sisi tuliokuwa tumeshika kalamu tukaandika: "Kioo cha kompyuta kimeharibiwa. Kinunuliwe kingine." Duka tuliloliuliza lilitaka shilingi 350,000, nazo zingetoka katika fungu la paa la madrasa. Baba yake binti, ambaye husali pamoja nasi kila siku, alizisikia habari hizo kabla ya Alfajiri. Binti hakuonekana tena ofisini.

Kabla fedha hazijatoka, mzee mmoja fundi redio, ambaye ndiye anayetutengenezea vipaza sauti, aliomba akitazame kioo hicho. Hakufungua kitu. Alifunga madirisha, akawasha kompyuta, kisha akamulika tochi kwa mshazari karibu kabisa na uso wa kioo. Tuliinama tukatazama. Majina ya watoto yalikuwapo, hafifu kama maandishi yaliyofutwa ubaoni kwa kitambaa kikavu.

"Ustadh," alisema, "kioo hiki ni kizima. Kimenyimwa taa tu."

Kioo cha aina hii hakitoi nuru yake chenyewe. Picha ni mfano wa pazia lililotiwa rangi, na nyuma yake sharti iwepo taa ya kuliangaza. Katika vioo vya miaka ya karibuni taa hiyo ni vitaa vidogo vya LED. Katika vile vya zamani, kama chetu, ni mirija myembamba, jamaa ya tyubulaiti, na chetu kilikuwa na minne: miwili juu na miwili chini. Mirija hiyo huhitaji mamia ya volti ili iwake. Kwa hiyo ndani mna bodi maalumu inayopokea umeme mdogo na kuukuza, na katika njia ya umeme huo huwekwa fyuzi, kitu kidogo kuliko punje ya mchele, ambacho msomaji akikiona hatakidhania kuwa na kazi yoyote.

Hapa tunapenda kukaa kidogo, kwa sababu kujua jambo hili kunaweza kuokoa fedha za nyumba. Vioo vingi vya namna hii vina fyuzi zaidi ya moja. Iliyo penye mlango wa umeme ikiungua, kioo hufa chote, hata kitaa cha ukingoni hakiwaki. Ikiungua ile ya njia ya taa, kitaa huwaka na picha huundwa, ila imo gizani. Tena iko dalili ya tatu inayofanana na hizo nayo si yao: kioo kikiwaka sekunde moja au mbili kisha kikazima, fyuzi ni nzima, na ugonjwa uko kwenye mrija uliochoka au kwenye ile bodi inayokuza umeme. Chetu hakikutoa hata mmweko mmoja. Mwenye kupeleka kioo kwa fundi akiyaeleza hayo, amekwisha kumwondolea nusu ya kazi, na si rahisi tena kuambiwa kwamba kimekufa chote.

Kukifungua ni jambo jingine, na wazazi tunawasihi wasiwaachie vijana wao walijaribu kwa kuwa tu wamelisoma hapa. Ndani ya kioo mna kapasita kubwa inayohifadhi umeme wa takriban volti 325 katika nchi zinazotumia umeme wa volti 230, nayo huweza kubaki nao hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Mzee wetu alichomoa waya, akaswali nasi Adhuhuri, akala, ndipo akafungua. Hata hivyo hakugusa kitu mpaka alipopima kwa mita na kuhakikisha kwamba umeme umekwisha. Mirija nayo ina zebaki ndani yake, basi isivunjwe.

Aliiweka mita mahali pa kulia, akagusa ncha mbili za ile fyuzi. Mita ikanyamaza. Akagusa nyingine iliyo penye mlango wa umeme, mita ikalia. Jawabu lilikuwa limepatikana, na sisi, kwa haraka ya kutaka kuyamaliza, tuliuliza kama kipande cha waya kisingetosha. Tumeona majumbani watu wakifunga waya, au ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na taa zikawaka.

Mzee alivua miwani. "Ustadh, hii imekufa ili bodi isife. Ukiweka waya, safari ijayo itakufa bodi, au itawaka meza na hayo madaftari yako. Na hata fyuzi mpya siiweki leo mpaka nijue hii imeuawa na nini."

Alitumia saa nzima kutafuta sababu. Alipima transista za ile bodi moja moja, kwani ikiwa mojawapo imeungana ndani, fyuzi mpya itaungua papo hapo. Zote zilikuwa salama. Ndipo akatuonyesha kapasita ndogo iliyovimba kichwa kama maandazi, iliyochoshwa na joto la miaka mingi. Kwa rai yake, kapasita hiyo iliyokwisha kudhoofika, pamoja na umeme kurudi kwa kishindo mara mbili, ndivyo vilivyoimaliza fyuzi. Akalehemu kapasita mpya, kisha fyuzi ya ampea 3 kama ile ya awali, si zaidi. Fyuzi haikufika bei ya chupa ya soda. Kioo kiliwaka kabla ya Alasiri, na fungu la paa halikuguswa.

Lakini muhtasari ulikuwa bado kabatini. Tuliufungua usiku ule tukalitazama neno tuliloliandika. Tungeweza kuandika "kimeharibika", na hakuna mtu ambaye angeguswa. Tuliandika "kimeharibiwa", na katika lugha yetu neno hilo linadai mharibifu. Hatukumtaja binti kwa jina, wala haikuhitajika.

Katika kikao kilichofuata tuliomba neno lile lifutwe mbele ya wajumbe, na sababu iandikwe: kapasita iliyochakaa na fyuzi iliyoungua. Mjumbe aliyesema lile la vijana aliafiki, akaomba aende pamoja nasi nyumbani kwa binti. Tulikwenda baada ya Magharibi, tukiwa na ile fyuzi iliyoungua ndani ya bahasha. Baba yake aliigeuza kiganjani muda mrefu, kisha akamwita mwanawe aje aione.

Binti amerudi kuchapa, Alhamdulillah, na orodha imefika herufi ya M. Ila siku hizi, kabla ya kubonyeza swichi, huja kwanza mlangoni akauliza.