Je, Maji Yaweza Kuendesha Gari?

Mama mmoja wa Keringet atuuliza: mumewe ataka kuuza ng'ombe wa mahari yake ili anunue chombo cha kuendeshea gari kwa maji, je, akubali?

Kwanza, mahari ni mali ya mke. Haiuzwi bila ridhaa yake. Pili, maji ni kama majivu: ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Kuitenga tena na oksijeni hutumia nguvu nyingi kuliko zitakazorudi. Stanley Meyer wa Marekani alidai gari lake laenda kwa maji. Mwaka 1996 mahakama ya Ohio iliamua kuwa ni udanganyifu, akaamriwa kurudisha fedha za watu. Nakuru hiyohiyo, mvuke wa Olkaria wazalisha umeme tangu 1981, nao umeme huendesha magari. Lakini hapo moto ni wa ardhi. Maji huubeba tu.

Ikiwa arubuni imekwisha kutolewa, na idaiwe upesi.