Nyumba za Simuni Hazina Baraza

Msomaji, ikiwa nyumbani mwako yuko kijana wa miaka minane na kuendelea, na simu ipo, basi yamkini kijana huyo ana nyumba yake tayari, nawe hujaalikwa.

Mchezo wenyewe ni Minecraft. Ulitungwa Sweden, ukatolewa rasmi mwaka 2011, na mwaka 2014 Microsoft ya Marekani ikainunua kampuni iliyoutunga kwa dola bilioni 2.5. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba nakala zaidi ya milioni 300 zimeuzwa. Mchezaji hupewa ardhi isiyo na mwisho, akakata miti na kuchimba mawe, kisha akapanga vipande vyenye urefu wa mita moja kila upande mpaka nyumba isimame.

Wako wazee wenzangu hapa Msambweni wanaouita upuuzi mtupu. Mimi sikupenda kuhukumu kitu nisichokitazama, kwa hivyo niliwaomba vijana wa ukoo wetu, wa huku na wa Ukunda, wanitembeze katika majumba yao. Nilitembezwa. Karibu yote ni jumba moja: sanduku la mawe, ukuta wa vioo, paa bapa, na meko ya kuotea moto sebuleni kana kwamba Diani huanguka theluji. Ukifungua mlango unakikuta kitanda. Baraza hakuna, ua hakuna.

Nikauliza, "Mwanangu, mgeni akija atakaa wapi?"

Nikajibiwa, "Ami, huku hawaji wageni, huja mazimwi."

Jawabu hilo lilinichekesha, lakini ndilo lililonifahamisha kasoro iliko. Mchezo huu humwadhibu mjenzi kwa kosa moja kubwa, nalo ni giza. Mahali pasipo taa huzuka mazimwi, na tangu toleo la mwisho wa mwaka 2021 huzuka penye giza totoro tu. Basi watoto wamejifunza vyema kutia mienge na kufunga milango. Makosa mengine yote husamehewa. Mvua hunyesha juu ya paa bapa lisivuje. Jua hupiga kioo mchana kutwa na chumba kisipate joto. Upepo haupo. Hata uzito karibu haupo, kwani mchanga na kokoto ndivyo huanguka, bali ukuta wa jiwe ukiuondoa, dari hubaki inaning'inia hewani.

Nyumba yetu ya pwani ilijengwa dhidi ya maadui wengine: joto, mvua ya masika, na jicho la mpita njia. Ndiyo maana ina upenu mrefu unaokinga ukuta wa udongo usiroweshwe na unaotia kivuli barazani. Ndiyo maana ukumbi hupita katikati, vyumba huku na huku, na mlango wa mbele hukabili wa uani, ili upepo wa kaskazi au wa kusi uingie hapa utokee kule. Mgeni mwanamume hukaa barazani, akanywa kahawa yake, na wenye nyumba wakaendelea na shughuli zao uani bila kuonekana. Hiyo ndiyo sitara, na haikuhitaji pazia la bei ghali.

Hata upana wa chumba ulikuwa na sababu. Boriti ya mkoko hubeba dari ya kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu, haizidi sana hapo. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba kongwe za mawe kule Lamu ni vyembamba na virefu. Vijana wangu walikuwa na kumbi za vipande ishirini kwa ishirini, tupu kama ghala. Nikawaambia: chumba kisizidi vipande vitatu kwa upana, urefu fanyeni mpendavyo. Walinung'unika. Lakini walipomaliza, nyumba ilianza kufanana na mahali anapokaa mtu. Kisha tukasogeza mlango wa chumba cha kulala usikabiliane na wa mbele, tukatoa paa nje kipande kimoja pande zote, na chini yake tukaweka baraza ya nusu kipande, kimo cha kukalia. Choo kilipelekwa uani, nacho kikageuzwa kisielekee kibla. Hili walilijua wenyewe bila kuambiwa.

Vifaa vimo, jambo ambalo sikulitarajia. Mwaka 2022 watunzi waliongeza mikoko na matope. Matope ukiyachanganya na ngano yanakuwa udongo mgumu wa kujengea, na huo ni ukandikaji wetu kwa jina jingine. Ila mle mkoko hukatwa bila kuulizwa na mtu. Pale Gazi, tangu mwaka 2013, mradi wa Mikoko Pamoja unahifadhi kiasi cha hekta 117, na wanakijiji hulipwa kwa hewa chafu ambayo miti hiyo huizuia. Fedha zimeingia katika maji na shule. Matumbawe nayo yaliongezwa mwaka 2018. Kijana mmoja alijenga msikiti kwa matumbawe mekundu, akastaajabu yalipogeuka kijivu kwa kutolewa majini. Nikampeleka Diani akautazame Msikiti wa Kongo, mdomoni mwa mto Mwachema, nikamweleza kwamba wazee walilijua jiwe hilo: tumbawe la baharini likiwa bichi ni laini, huchongwa mihrabu, kisha likikauka huwa gumu. Mnazi tu ndio hawajautia, wala makuti.

Asidhani mtu haya ni ya watoto pekee. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilianza mwaka 2012 kuutumia mchezo huu katika mpango uitwao Block by Block. Wakazi hukaa mbele ya kompyuta, wakajenga kiwanja au bustani waitakayo, na wataalamu wakautumia mfano huo kuchora ramani. Uwanja wa Silanga, Kibera, ulikuwa miongoni mwa majaribio ya kwanza. Sioni kwa nini kijana wa Ukunda asiulizwe soko au kituo cha matatu kikae vipi.

Tofauti moja ni chungu. Mchezo humpa kila mtoto ardhi bila hati. Huku Kwale wako watu waliozaliwa na kuzeeka juu ya kiwanja kimoja, na hati hawajaiona. Hujenga kwa udongo hata wakiwa na uwezo wa mawe, kwani nani ataweka jiwe mahali anapoweza kuondolewa kesho?

Juzi fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu alikuja kukata deni lake la kahawa, akaonyeshwa ile nyumba iliyorekebishwa. Akaishika simu mbali na macho, akaitazama sana. Baraza aliisifu. Halafu akauliza, "Na maiti itaoshewa wapi?"

Vijana wakatazamana. Sasa wanabomoa ukuta wa nyuma, waongeze chumba cha ndani chenye njia ya maji ya kutokea uani.