Njombe: Barabara ikikatika leo, dawa zako zitafika siku ngapi?

Njombe ndio mkoa unaoongoza kwa maambukizi ya VVU Tanzania Bara. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wenye miaka 15 na zaidi wana virusi, wakati kiwango cha nchi nzima ni asilimia 4.4.

Kwa maneno mengine, kuanzia Makambako hadi vijiji vinavyozunguka Kitulo, nyumba nyingi zina mtu anayemeza dawa kila siku. Ongeza wenye presha, kisukari na kifafa. Kwa familia hizi, sanduku la dharura la bandeji na panadol peke yake halitoshi.

Dharura si mafuriko tu

Januari 2025 Marekani ilisimamisha ghafla misaada yake ya nje, ikiwemo fedha za PEPFAR zilizokuwa zikibeba sehemu kubwa ya huduma za VVU nchini. Siku chache baadaye ikaruhusu huduma za kuokoa maisha ziendelee, lakini hofu ilikuwa imeshaingia. Aliyekuwa na kopo la miezi mitatu alikuwa na muda wa kusubiri. Aliyebakiwa na vidonge vya siku tano hakuwa nao.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Hali ilidumu kwa siku kadhaa. Sasa fikiria mgonjwa wa Makete anayetumiwa dawa na ndugu yake wa Dar kwa basi.

Halafu kuna masika yetu ya kila mwaka. Kuanzia Novemba hadi Aprili, barabara za vumbi za huku juu zinageuka utelezi, na bodaboda anaweza kukataa safari hata ukiwa na hela.

Mmoja ana miezi, mwingine ana wiki

Hapa ndipo penye tatizo lenyewe. Mwenye VVU anayeendelea vizuri hupewa dawa za miezi mitatu, wengine hadi sita, tena bure. Utaratibu huo umewapunguzia watu nauli na foleni za CTC, na bila kelele umewapa akiba nyumbani.

Mwenye presha au kisukari mara nyingi hupewa za mwezi mmoja. Asiye na bima hununua kadiri mfuko unavyoruhusu, wakati mwingine karatasi moja moja kwenye duka la dawa. Kumwambia huyu "weka akiba ya wiki mbili" bila kumwambia ataitoa wapi ni kumtania.

Na kukosa dawa kuna gharama. Presha hupanda na kuleta kiharusi, kifafa hurudi na degedege, na VVU vinaweza kujenga usugu. Kama mfumo umeweza kutoa ARV za miezi sita hadi kijijini, wagonjwa wa presha waliotulia nao wanastahili kupewa za miezi miwili au mitatu, hasa kabla ya mvua.

Wakati tunasubiri, fanya hivi

• Nenda kliniki siku saba kabla dawa hazijaisha. Zile zilizobaki ndiyo akiba yako. Usiruke dozi ili ujaze sanduku!

• Meza za zamani kwanza, mpya ziwe akiba. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi.

• Acha ARV kwenye kopo lake. Wengi huzihamishia kwenye mfuko ili kopo lisipige kelele njiani na watu wakajua. Tunaelewa, ila unyevu unaziharibu.

• Weka mbali na jiko, moshi na watoto.

• Wa insulini: huku adui ni baridi pia. Juni na Julai sakitu hutanda Kitulo, na insulini ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka. Iweke ndani, mbali na dirisha na bati. Ile uliyoifungua hukaa takriban wiki nne bila friji, mradi joto halizidi nyuzi 30.

• Piga picha kadi ya CTC au cheti cha daktari, jina la dawa na kipimo vionekane. Ukikwama Makambako ukiwa safarini, mhudumu wa kituo chochote atajua pa kuanzia.

• Antibayotiki zilizobaki si akiba. Usimpe jirani, usijitibu nazo.

Kliniki ijayo, kabla hujachukua dawa na kuondoka, uliza swali moja: "Daktari, naweza kupewa za miezi miwili?" Anaweza kukataa. Lakini wakiuliza wengi, kituo kitalazimika kuagiza zaidi.