Bahati nasibu si mtaji wa mnyonge

Hapana ubishi kwamba kila mtu anayo haki ya kutumia fedha zake apendavyo. Lakini haki hiyo haikamiliki mpaka mnunuzi aambiwe ukweli wa kile anachouziwa. Katika biashara ya bahati nasibu, zawadi hutangazwa kwa tarumbeta, na ugumu wa kuipata hunong'onwa.

Mfano wa Uingereza watosha. Bahati nasibu ya taifa ya nchi hiyo ilianza Novemba 1994. Mchezaji alichagua namba 6 kati ya 49. Namba hizo zaweza kupangwa katika mafungu 13,983,816, na fungu moja tu ndilo lililotwaa zawadi kuu. Oktoba 2013 bei ya tiketi ilipandishwa kutoka pauni 1 hadi pauni 2. Oktoba 2015 mipira ikaongezwa kutoka 49 hadi 59. Kwa macho, mipira 10 ni kitu kidogo. Kwa hesabu, mafungu yalifikia 45,057,474. Katika muda wa miaka miwili, mchezaji alitozwa mara mbili, na nafasi yake ya kupata zawadi kuu ikapungua zaidi ya mara tatu. Kwa kanuni hiyo, mtu anayenunua tiketi 2 kila wiki angengoja, kwa wastani, zaidi ya miaka 430,000.

Wala zawadi hizo hazishuki kutoka mbinguni. Ni fedha za wachezaji wenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya mchezo huo, kati ya kila pauni 100 zilizokusanywa, takriban 50 tu zilirudi kwa washindi. Zilizobaki zilikwenda kwenye kodi, misaada ya jamii, wauzaji na mwendeshaji. Yaani kabla mpira wa kwanza haujazunguka, wachezaji kwa jumla wamekwisha kupoteza nusu.

Wako wanaojidai kuwa na maarifa ya kuzikisia namba. Maarifa hayo hayapo. Mpira hauna kumbukumbu. Namba isiyotokea kwa mwaka mzima haimdai mtu deni. Na anayefuata namba zinazopendwa na wengi hujipunja hata akishinda. Tarehe 14 Januari 1995, watu 133 walipata namba zilezile huko Uingereza, wakagawana pauni milioni 16. Kila mmoja akaambulia pauni 122,510 hivi.

Watetezi wa biashara hii hudai kwamba hujenga shule na hospitali. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ikiwa ni mchango wa maendeleo, basi na uitwe mchango, na kila mtu achangie kwa kadiri ya uwezo wake. Tiketi haiulizi uwezo: mchukuzi wa mizigo na tajiri hulipa bei moja, lakini kwa mchukuzi bei hiyo ni unga wa watoto. Kumchangisha mnyonge kwa kumwonyesha ndoto ni unyonyaji uliovikwa kanzu ya hisani.

Hapa Tanzania, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya kuisimamia michezo hiyo, na vijana walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kucheza. Hilo ni jema, lakini halitoshi. Yafaa kila tiketi na kila tangazo lionyeshe uwezekano wa kushinda kwa herufi zilezile zinazotangaza zawadi. Mwenye biashara ya haki hana sababu ya kuiogopa hesabu yake mwenyewe.

Mwananchi naye hana budi kujikinga. Hakuna anayeshinda mchezo asioucheza. Anayepigiwa simu kwamba ameshinda, kisha akatakiwa kutanguliza fedha, anaibiwa. Fedha ya mkopo, ada na chakula si fedha ya kubahatisha, na kufukuzia zilizopotea ni kuzidisha hasara. Atakayecheza na acheze kwa fedha aliyokwisha kuihesabu kuwa imetumika, kama nauli ya matembezi.

Jembe humlipa mkulima kidogo, na mvua humwangusha mara nyingine. Hata hivyo jembe halijapata kumtaka mtu mmoja avune jasho la mamilioni. Bahati nasibu haiwezi kuendeshwa kwa namna nyingine yoyote.