Sabuni ya Ndoo Inahitaji Kompyuta

Wacha niseme bila kuzunguka: mwanafunzi wa kemia anayeambiwa hawezi kufanya utafiti kwa sababu maabara haina mashine, ameambiwa nusu ya ukweli. Maabara ni muhimu, sikatai. Lakini kuna kazi ya maana inayofanyika kwenye kompyuta, na programu yake ni ya bure.

Chukua sabuni ya maji, ile watu wanachanganya kwa ndoo mtaani na kuuza kwa mtungi. Unatia Ungarol, unatia maji, halafu chumvi kidogo kidogo hadi iwe nzito. Ukizidisha chumvi inarudi kuwa nyepesi, na mtaji wako umeenda hivyo. Kila mtengenezaji anajua hilo. Wachache watakwambia kwa nini.

Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Zikiwa nyingi vya kutosha zinajikusanya zenyewe, hakuna anayezipanga: mikia ndani, vichwa nje. Mkusanyiko huo ndio miseli. Kwa SDS, ile sabuni watafiti hawaichoki, miseli moja kwenye maji matupu ina molekuli kama 60. Vichwa vyake vina chaji hasi, kwa hivyo vinasukumana. Chumvi inapunguza huo msukumano, miseli zinarefuka kama minyoo, zinasokotana, na sabuni inakuwa nzito. Ongeza chumvi tena, muundo unabadilika na uzito unapotea.

Sasa badilisha kiyeyusho. Kwenye mafuta mambo yanaweza kupinduka kabisa: vichwa ndani vikizunguka tone la maji, mikia nje. Tia ethanoli nyingi kwenye maji, na mikia haina tena sababu kubwa ya kujificha.

Haya yote unaweza kuyatazama kwa skrini. GROMACS, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, miaka ya 1990, unaipakua bila kulipa. Inakokotoa nguvu kati ya atomu, inazisogeza kwa hatua za kama femtosekunde 2, inarudia. Mikrosekunde 1 tu ni hatua milioni 500, kwa hivyo laptop yako itahema. Hapo ndipo modeli ya Martini, nayo pia ya Groningen, inasaidia: inafunga atomu kama 4 kuwa shanga moja. Unapoteza vitu vidogo vidogo, unaokoa muda. Na msiniambie ni mchezo wa video; Tuzo ya Nobel ya kemia ya 2013 ilienda kwa Karplus, Levitt na Warshel kwa modeli za kompyuta za kemia.

Ninachotaka ni kidogo. Idara za kemia zimpe mwanafunzi wa mwaka wa mwisho Ungarol (molekuli yake si sawa na SDS, ina kipande cha ziada katikati), aiige na viwango tofauti vya chumvi, kisha aende kwa mama anayeuza sabuni wachanganye pamoja na kulinganisha. Modeli mbaya hutoa picha nzuri za uongo, na ndoo itaiumbua haraka. Wewe uliyesoma kemia chuo, kuna mtu aliwahi kukuonyesha hii?