Bandari Ni Timu ya Nani?

Pita Mji wa Kale jioni, baada ya sala ya alasiri, utawakuta watu wazima barazani wakigombana juu ya Arsenal na Manchester United hata kahawa ikapoa vikombeni. Wanajua mchezaji aliyenunuliwa juzi na bei yake. Waulize Bandari ilicheza na nani Jumapili iliyopita. Aghalabu wataangaliana.

Mimi simlaumu mtu kwa kupenda timu za Uingereza. Ninalouliza ni hili: yawaje timu ya wachezaji wa kulipwa, inayomilikiwa na Halmashauri ya Bandari, yenye uwanja wake Mbaraki papa hapa kisiwani, iwe ngeni katika mazungumzo ya wenyeji?

Wako watakaosema kwamba haishindi. La hasha! Mwaka 2018 Bandari ilimaliza ya pili katika ligi nyuma ya Gor Mahia, na msimu wa 2018/19 ikawa ya pili tena. Mwaka 2019 iliilaza Kariobangi Sharks mabao 3-1 ikatwaa Ngao, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Huko iliitoa Al-Ahly Shendi ya Sudan, kisha Ben Guerdane ya Tunisia, mpaka ilipokwamishwa na Horoya ya Guinea. Lakini mechi zilizoitwa za nyumbani zilichezwa Kasarani, Nairobi, kilomita zipatazo 480 kutoka Mbaraki. Kijana wa Kuze angeziona wapi, msomaji wangu?

Mji huu si mgeni wa kandanda. Mwaka 1965, ligi ya taifa ikiwa na umri wa miaka miwili tu, bingwa alikuwa Feisal wa Mombasa. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25 hakuna klabu nyingine ya Pwani iliyoutwaa ubingwa huo. Feisal imekwisha toweka katika ligi kuu, lakini mtaje Ali Kajo, aliyeichezea Feisal na timu ya taifa, uone wazee watakavyokaa vizuri. Jina lake lilibaki kwa sababu lilibebwa na vinywa vya watu, wala si na karatasi za ofisi.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Timu ya shirika hula mkononi mwa shirika. Oserian, timu ya shamba la maua la Naivasha, ilikuwa bingwa mwaka 2001 na 2002, kisha ikavunjwa. Siku mkono ukifumbwa, timu isiyo na watu haina wa kuililia. Sisemi kwamba Bandari iko karibu na siku hiyo. Nasema afadhali itafutiwe jamaa mapema.

Basi wakuu wa timu wasingoje mji uende Mbaraki. Siku ya kombe, walipitishe Ndia Kuu, watoto waliguse. Wachezaji wateremke mitaani wacheze na vijana, watajwe kwa majina yao. Ratiba ibandikwe misikitini, madukani na kwenye vibanda vya kahawa, kwa Kiswahili. Nasi wa barazani, kiingilio cha siku moja hakitushindi: tuktuk ipo, na Mbaraki ni ng'ambo ya pili tu ya kisiwa hiki hiki.